Nje ya Anga ya Mnara

"Subiri zamu yako, kaka," alisema mwanamke mwenye sare nyeupe ya urubani, kwenye foleni ya chai ya uwanja wa ndege iliyojaa watu na mizigo.

Kijana wa mnara, mwongoza ndege, aligeuka upesi. Sauti hiyo aliijua. Kila asubuhi ilimwitikia redioni.

"Kumbe ni wewe! Siku zote mimi ndiye ninayekuambia usubiri."

"Mnara? Nilidhani ni mzee mwenye kitambi!"

Walicheka, wakapendana kwa pupa ya watu waliochelewa. Lakini rubani alikuwa akipeleka dawa kwenye kiwanja cha milimani, nje ya anga inayoongozwa na mnara. Huko hakuna mnara. Marubani hutangaziana walipo, kila mtu akajichunga.

"Mpenzi, iache njia ile. Ukiingia mawinguni kule siwezi kukusaidia."

"Sasa unataka kuniongoza mpaka nyumbani?" Tangu hapo rubani akaacha kupokea simu zake.

Siku moja ya mvua ndege yake ilifika mpakani mwa anga ya mnara.

"Unatoka kwenye anga yetu," kijana alisema redioni. Kumzuia hakuwa na mamlaka.

"Nimeelewa." Sauti ya rubani ilikuwa baridi kama chuma.

Muda ukapita. Alipomsikia tena, sauti ilitetemeka: milima imefunikwa, anarudi, mafuta hayamfikishi kwingine. Na uwanja wao nao ulikuwa umemezwa na wingu.

"Utatua kwa vyombo. Geuka kushoto."

Vyombo vya ndege vingemwelekeza kwenye njia ya kutua, lakini akifika kimo cha chini kinachoruhusiwa bila kuiona, hana budi kupanda.

"Sioni kitu! Napanda!"

Kijana alishika meza. Mkuu wake akamgusa bega. "Nikupokee kazi?"

"Niache, mzee, nakuomba."

Alitamani kumwambia nisamehe, laazizi, usiniache. Redioni akasema, "Geuka kulia. Shuka taratibu. Nipo."

Mvua ilipiga vioo. Alikwisha kuinamisha kichwa pale taa za ndege zilipotoboa wingu, magurudumu yakapasua maji.

Simu yake ikalia; alikuwa rubani.

"Shuka huko juu. Miguu haisimami."

Alimkuta chini ya bawa, amelowa chapachapa, analia.

"Nisamehe," kijana alisema. "Niliogopa, nikajifanya bwana."

"Nilijua ni hofu, nikajitia jeuri." Akamshika mkono. "Twende kwa mama yangu ukamwambie unataka kunioa, kabla sijapata nguvu za kuringa."