Unyayo wa Kizingitini

Siku ile jirani yetu Mapuleng alikuwa akikanda kinyesi cha ng'ombe na udongo mwekundu ili asiribe sakafu. Hapa Quthing, kusini mwa Lesotho, hiyo ni kazi ya kila mwanamke, wala haina uchawi wowote. Kaburi la mumewe lilikuwa halijaota hata majani, na shemeji yake Tseko alikwisha kuanza kuitolea macho nyumba.

Kizingiti chake kilikuwa bamba la mwamba mwekundu. Mumewe, marehemu Sello, alilichimbua gengeni, kule ambako mifupa ya dinosaria hutokeza mvua ikikomba udongo. Katikati ya bamba palikuwa na unyayo wa vidole vitatu, wa mnyama aliyekanyaga tope kabla ya binadamu kuwapo, tope likageuka jiwe. Vidole vilielekea nje.

"Jiwe hilo ndilo lililomla kaka," alisema Tseko, blanketi begani, akiligonga kwa buti lake lenye kiraka cha tairi kisiginoni. "Rudi kwenu, shemeji, kabla halijakumaliza na wewe."

"Kwetu ni hapa. Likinimaliza, utanizika humuhumu uani."

Tseko akaondoka akisonya. Mapuleng akasiriba, akafunga mlango, akaja kwetu kungoja sakafu ikauke. Aliporudi alikuta nyayo za vidole vitatu kwenye udongo uliokuwa bado mbichi, kutoka kizingitini hadi mekoni. Za kurudi hazikuwapo.

Akacheka. Kuchonga mguu wa mti si kazi, na Tseko kwa hila hajambo. Akasiriba upya. Safari hii aliketi mlangoni, juu ya lile jiwe, jembe mapajani, jua likiwaka.

Jiwe likaanza kupata joto. Halikuwa la jua. Lilitoka chini.

Nyuma yake, ndani, udongo ukalia. Pyaa. Kimya. Pyaa.

Na Tseko yule pale mbele, anapanda njia. Basi si yeye. Mapuleng aliogopa, aliogopa sana. Hakugeuka.

"Ukitaka kukaa, kaa," alinong'ona. "Mimi sihami."

Sauti ikakoma.

Tseko akafika na fimbo. "Pisha. Leo nahamia."

"Sakafu mbichi, shemeji. Na humo ndani mna mgeni."

"Nitamtoa na yeye!"

Akamsukuma, akaingia, akaubamiza mlango. Mapuleng akangoja matusi. Hayakuja. Akafungua.

Nyayo za buti zilifika katikati ya chumba. Zikaishia hapo. Mlango ni ule mmoja, na dirisha halipitishi hata mbuzi. Blanketi la Tseko lilikuwa mekoni, limekunjwa vizuri.

Wanaume walimtafuta hadi gengeni, wakachoka. Tukamsihi Mapuleng ahame. Akatujibu kwamba aliyekuja kumtoa ndiye aliyetoka, na asiyeridhika aingie akaulize mwenyewe. Hakuna aliyeingia.

Mapuleng yumo mpaka leo, na sakafu yake haina mpinzani kijijini. Ila kizingiti hakikanyagi, hukiruka. Kando ya ule unyayo kuna alama ya buti, imezama ndani ya mwamba mgumu, na kisiginoni kiraka cha tairi kinaonekana wazi. Na vile vidole vitatu sasa vinaelekea ndani.