Folda Iitwayo Nyumbani

Shemeji yangu Ombui hajui kudanganya. Hata akichelewa kurudi na kumwambia dada yangu Joan ni mvua, anaanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. Hii aliniambia bila kucheka hata mara moja, kwa hivyo kama unataka kucheka, cheka sasa. Huko mbele sitakupa nafasi.

Ilikuwa mwaka wa 1999, kwa kiwanda kimoja cha chai upande wa Chepilat. Ombui ndiye alikuwa mtu wa kompyuta. Picha za mashamba zilikaa humo: kila kituo cha kununua chai na folda yake, ndani yake folda za wakulima, ndani ya hizo faili. Ombui aliandika programu kwa lugha ya PHP ipite kote, iingie kila folda na zilizo tumboni mwake, halafu iorodheshe kila kitu kwa ukurasa mmoja. Ilifanya kazi, lakini kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba. Meneja akanuna.

Shida ilikuwa karani Kebaso, mvivu aliyehitimu. Alichoka kurudi juu folda moja moja, kwa hivyo ndani ya kila folda aliweka njia ya mkato, akaiita "nyumbani". Ukiifungua, uko mwanzo kabisa. Sasa programu ilikuwa inasimama kwa kila kitu kuuliza: wewe ni folda ya kweli, ama njia ya mkato? Hilo swali ndilo lilikula muda.

Alasiri moja, mvua ya mawe ikipiga mabati, Ombui akalifuta swali hilo.

"Kebaso, kuja uone mbio!"

"Wee! Inakimbia kama mimi nikisikia kuna mchango wa harambee," Kebaso akasema, akaenda zake kunywa chai.

Programu ikaingia nyumbani. Ikajikuta mwanzo. Ikaona nyumbani. Ikaingia. Maandishi yakarefuka kwa skrini: nyumbani/nyumbani/nyumbani. Ombui akabonyeza kuisimamisha. Ikakataa. Akaguna, akainuka kumwita Kebaso. Akafungua mlango.

Upande wa pili kulikuwa na ofisi yake.

Meza ile. Skrini ile, maandishi yakiendelea kurefuka. Akavuka, akafungua mlango wa pale. Ofisi yake. Akashika kiti. Kilikuwa na joto, kama mtu ametoka kukikalia.

Akafungua tena. Na tena. Kila mlango, mvua ilisikika mbali zaidi, kama imeachwa huko juu.

"Kebaso?" akaita polepole.

Kwa ofisi iliyofuata akaona mgongo. Mtu alikuwa anatoka kwa mlango wa mbele. Sweta ya kijani. Ile Joan alimfumia. Mlango ukajifunga. Ombui akasimama.

Nyuma yake, kitasa kikazunguka.

Akarukia ukuta, akang'oa waya wa stima. Skrini ikafa. Kitasa kikanyamaza. Mvua ikarudi juu ya mabati, karibu kabisa. Akavuta mlango: umefungwa. Akaugonga kwa ngumi mbili.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Chepkirui, mama wa kupika chai. Alikuwa ananong'ona.

"Ni mimi, Ombui. Mama, nifungulie."

"Ombui ametoka hapa saa hii. Amenisalimia. Nimefunga na ufunguo."

"Mama, tafadhali. Nataka tu kwenda nyumbani."

Ufunguo ukazunguka. Chepkirui akasimama mbali, macho chini, leso mdomoni.

"Wewe ni wa ngapi?" akauliza.

Ombui alikimbia katikati ya mashamba ya chai hadi kwake, miguu ikiteleza kwa barafu ya mvua. Joan alikuwa anaosha vyombo.

"Umeamka?" Joan akasema bila kugeuka. "Si umekula sasa hivi ukaenda kulala?"

Chumbani hakukuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimebonyea, umbo la mwili mzima. Ombui akaweka mkono hapo.

Moto.

Siku hizi wanalala sebuleni. Chumba kile kina kufuli, kwa nje. Nikienda kuwatembelea, Joan anapakua, halafu anapeleka sahani moja kule, anaifunika, anafunga. Hatuulizi. Tunaongea kwa nguvu, tunacheka kwa nguvu, hasa mimi.

Asubuhi sahani iko nje ya mlango, tupu. Kufuli bado imefungwa.