Mji Mpya na Kijito cha Ellerby

Thaddeus Gaines na mkewe Lurleen waliishi Ellerby, pembeni mwa jiji la Atlanta. Jumamosi Thaddeus alikata majani uani, Lurleen akakaanga samaki. Mwaka ule wakazi walipiga kura, Ellerby ikajitenga na kaunti na kuwa mji kamili. Thaddeus ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba kura hizo. Aliwaambia majirani kwamba sasa watajiamulia mambo yao.

Haukupita muda, miti yote ya kilimani mpaka kijitoni ikakatwa ili yajengwe maduka na maegesho ya lami. Mvua ikanyesha. Tope jekundu likateremka, kijito cha nyuma ya nyumba kikafurika, na maji yakaingia chumba cha chini alimolala Bi Ozella, mama yake Thaddeus. Ilibidi mwanawe ambebe mgongoni.

"Mji wako umenifuata mpaka kitandani," mama alisema.

Thaddeus alimketisha sebuleni, akarudi chini kuzoa tope.

Jirani yao Corrine, aliyewahi kusimamia mifereji ya kaunti, alikuja kuwasaidia kuzoa tope. Aliwaeleza kwamba kaunti ilikataza kukata miti kandokando ya kijito. Mji ulipojitenga, sheria ile haikutumika tena Ellerby, na mji haukuwa umetunga yake. Mizizi hushika udongo na kunywa maji. Lami hainywi.

"Kwa hiyo mafuriko haya nimeyaleta mimi?" Thaddeus aliuliza.

"Wewe umetuletea madaraka, Thad. Sisi tumeyaacha yamelala. Twende tukayaamshe."

Basi Thaddeus akabisha hodi tena mlango kwa mlango, akiomba mji utunge sheria yake ya miti. Safari hii wengine walimcheka, na mmoja akamfungia mlango usoni. Hakurudi nyuma. Kwenye kikao cha baraza la mji, mwenye maduka alilalamika kuwa sheria za miti zitafukuza biashara. Thaddeus alisimama, akaeleza jinsi alivyombeba mama yake.

Baraza likapitisha sheria. Miti ya kandokando ya kijito isiguswe. Anayemwaga lami achimbe bwawa la kuzuia maji. Tena mji ukapatana na kaunti kukitunza kijito pamoja, maana maji hayajui mpaka.

Miche ilipandwa kijitoni, bwawa likachimbwa kilimani. Masika yaliyofuata, mvua ilipiga usiku kucha. Bwawa likajaa, kijito kikapanda kidogo, kikapita zake. Thaddeus alishuka mbio chumbani kwa mama yake.

Bi Ozella alifumbua macho. "Kwani imenyesha?" akauliza.