Alama Ishirini na Mbili za Bibi Naetwe

Kila Jumatano, saa tatu kamili asubuhi, Kisomauso kilifumbua macho yake sita darini mwa Ukumbi wa Udongo na kuanza kuwasoma wazee. Hakikumgusa mtu. Kilitazama misuli ya nyuso, kikasikiliza sauti na pumzi, kikahesabu mapigo ya moyo kwa kuangalia tu jinsi rangi ya ngozi inavyobadilika damu inapopita. Kisha kilimpa kila mzee alama za faraja, kuanzia sifuri hadi mia. Asubuhi hiyo ya mwaka 2094 wazee kumi na wanne walikuwa wamekaa mezani, na kumi na watatu kati yao walikuwa wanacheka.

Makumbusho ya Mkonge yaliwekwa ndani ya kiwanda cha zamani cha katani, pembezoni mwa jiji la Same, hatua chache kutoka stesheni ya treni ya sumaku. Siku hizo daktari aliweza kumwandikia mzee makumbusho kama anavyomwandikia vidonge. Mzee alipewa cheti cha saa mbili kwa wiki, akaenda kufinyanga, kuchora, kusuka ukili, au kushika vitu vya kale na kusimulia alivyovitumia. Wengi walipona upweke uliokuwa umezishinda dawa. Ilikuwa sheria nzuri, lakini wakubwa wa jiji hawakuweza kuona kitu kizuri kikiendelea bila kutaka kukipima. Wakaamua kwamba mzee atakayepata chini ya alama arobaini kwa wiki nne mfululizo afutiwe cheti na kupelekwa Kituo cha Utulivu, akalazwe na kutunzwa na roboti mpaka huzuni imtoke. Waliopelekwa huko walitunzwa vizuri sana. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu.

Aliyekiunda Kisomauso aliitwa Mhandisi Eliamani Mbwambo, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi yakawa yanamwogopesha mwenyewe kukaa. Kwa kawaida hakufika ukumbini. Alisoma ripoti akiwa ofisini na kuridhika. Siku hiyo alikuja kwa sababu kanuni ilikataa mashine imfutie mtu cheti peke yake. Lazima binadamu aweke kidole, kabla ya saa sita mchana.

Jina lililokuwa kwenye kishikwambi chake ni Naetwe Mgonja, miaka themanini na miwili. Wiki ya kwanza alipata ishirini na nne, ya pili kumi na tisa, ya tatu ishirini na tatu. Leo ilikuwa ya nne.

Eliamani alimkuta kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, mikono yake imezama kwenye udongo hadi viwiko. Alikuwa bibi mwembamba, kanga imefungwa kifuani, macho yametulia juu ya chungu kilichokuwa kinainuka polepole kati ya viganja vyake. Hakutumia gurudumu. Alikizunguka chungu yeye mwenyewe, hatua moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, bibi," Eliamani alisema.

Bibi hakuitikia. Alimtazama mara moja, akarudi kwenye kazi yake.

Kwa Mpare aliyelelewa vizuri, mtu mzima kutoitikia shikamoo ni jambo la kutisha kuliko homa. Eliamani alivuta kiti, akamweleza taratibu yeye ni nani na kwa nini amekuja. Akamuuliza kama analala vizuri. Akamuuliza kama kuna aliyemkosea pale nyumbani kwa mwanawe, ghorofa ya ishirini na mbili. Bibi aliloanisha vidole, akalainisha udongo, akaendelea kuzunguka. Kwenye kishikwambi alama zilisimama palepale, ishirini na mbili. Eliamani alimhurumia kwa dhati, na huruma ile ilimfanya awe na uhakika zaidi kwamba mashine yake imesema kweli.

Mezani kwingine mambo yalikuwa tofauti. Mzee Semboja, fundi cherehani mstaafu kutoka Lushoto, alikuwa anachora kuku na kucheka hadi mabega yanatikisika. Alama zake zilikuwa tisini na moja. Akinamama wawili waliokuwa wanasuka ukili walipokezana vicheko, mmoja akishuka mwingine anapanda. Eliamani aliwatazama akajisikia kama mwalimu siku ya matokeo.

Ilipofika saa tano kamili, macho sita ya Kisomauso yalifumba. Papo hapo vicheko vyote kumi na vitatu vikakatika.

Hakuna aliyetoa ishara. Nyuso zilishuka tu, kama watu waliotua ndoo za maji baada ya mlima mrefu. Mama mmoja wa ukili alijikanda mashavu kwa vidole. Mzee Semboja aliweka brashi chini, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza Eliamani aliona jinsi alivyokuwa amekonda.

"Mzee wangu, kuna nini?" aliuliza.

Semboja alimpima kwanza. Pengine aliona kwamba kijana huyu hakuwa na ubaya, alikuwa hajui tu. Akamweleza kwamba hapo wanacheka kwa kujilazimisha, na mzee mgeni hufundishwa ngazini kabla hajaingia: inua mashavu, vuta pumzi ndefu, usinyamaze zaidi ya dakika mbili. Mwaka juzi wenzao watatu waliokuwa wazito wa kucheka walipelekwa Kituo cha Utulivu. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuja na uso wake mwenyewe.

"Mwezi wa tatu nilimzika mke wangu Jumamosi," Semboja alisema. "Jumatano nikaja hapa, nikapata themanini na nane. Nilipofika nyumbani nililia mpaka nikatapika. Nililia kwa sababu nilikuwa nimecheka."

Eliamani aliwahi kujivunia alama hizo themanini na nane. Alizikumbuka, zilikuwa kwenye ripoti ya robo mwaka.

Akakumbuka na jambo jingine, na hilo lilimtia aibu zaidi. Mashine ya kusoma nyuso haizaliwi inajua furaha, lazima ioneshwe mifano mingi. Yeye alikuwa ameionesha video elfu kumi na moja za harusi na sendofu za kuwaaga mabibi harusi, kwa kuwa kila kabati la nchi hii lilikuwa na video ya harusi na familia zilizitoa bure. Kisomauso kilijifunza kwamba mtu mwenye furaha hupiga vigelegele, hufungua kinywa, hugeukia kamera. Hakuna aliyekionesha mtu anayefurahi peke yake, kazini, bila kutazamwa. Wala hakukumbuka kama katika harusi zile kulikuwa na shangazi aliyecheka kwa sababu tu mpiga picha amemfikia.

Bibi Naetwe alikuwa bado anazunguka chungu chake. Alipitisha kidole cha mwisho kwenye mdomo wa chungu, akasogea nyuma, akakiangalia. Kisha akanawa mikono bila haraka, akaifuta kwa pindo la kanga, akaketi.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema.

Eliamani nusura adondoshe kishikwambi.

Bibi akamweleza kana kwamba anamweleza mtoto. Kwa mama yake na kwa bibi yake, mfinyanzi akishagusa udongo hasemi na mtu mpaka mdomo wa chungu ukamilike. Chungu kilichosemezwa kabla hakijapata mdomo kinapasuka motoni. Alipoolewa alifinyanga siku ya tatu, mama mkwe akamsalimu, yeye akanyamaza. Mama mkwe akafurahi, akajua amepata mfinyanzi.

"Bibi yangu mimi pia alikuwa mfinyanzi," Eliamani alisema polepole.

"Na wewe ulifukuzwa usisogelee, kwa kuwa ni wa kiume. Ndiyo maana hujui."

Ni kweli. Alipokuwa mdogo alirushiwa ganda la ndizi kila alipochungulia ua wa akinamama. Alikuwa amesoma hadi ng'ambo, na jambo lililokuwa nyuma ya ua wa nyumba yao hakulijua.

"Lakini bibi, ungeeleza. Wangekupeleka Kituo cha Utulivu."

"Niliambiwa na mkwe wangu kwamba kuna kidude kinataka nicheke. Mimi namaliza saa tano, nacho kinafumba macho saa tano. Ningekieleza lini?"

"Na ulikuwa na huzuni, wiki zote hizi nne?"

Bibi Naetwe alimtazama kwa mshangao. "Huzuni? Nimefurahi tangu saa tatu, mjukuu wangu. Ila nilikuwa na kazi."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kufika saa sita. Eliamani aligusa sehemu ya kukataa, na kishikwambi kikamtaka ataje sababu. Zilikuwepo tatu tu: mzee anaumwa, mzee amesafiri, kifaa kimekosea. Mbili za kwanza zingemwokoa bibi kwa wiki moja. Ya tatu ingezima Visomauso vyote ishirini na sita, katika makumbusho ya nchi nzima, na kazi yake ya miaka tisa ingerudishwa mezani ikachambuliwe. Wakuu wangeuliza mbona hakulisema mapema, naye angejibu kwamba hakujua.

Aliweka kidole kwenye ya tatu. Alikuwa amejiandaa kuumia, badala yake akahisi wepesi uliomfanya akae chini, shati na pasi yake vyote. Darini, taa ndogo nyekundu ya Kisomauso ilizimika.

Aliwaambia wazee. Mwanzoni hawakumwamini, wakabaki wameinua vichwa kama watu wanaosubiri mvua irudi. Kisha mama mmoja akasema kwamba udongo wa hapa una baridi mno, unamuuma mifupa, na tangu mwaka juzi hakuwahi kulisema. Mwingine akadakia kwamba chai nayo ni majimaji. Wakalalamika robo saa nzima, kwa raha.

Jumatano iliyofuata Eliamani alirudi bila kishikwambi. Wazee wote kumi na wanne walikuwepo. Ukumbi ulikuwa kimya, zilisikika brashi, ukili, na miguu ya Bibi Naetwe ikikizunguka chungu kipya. Hakumsalimu, alijua sasa kwamba zamu ya salamu itafika saa tano. Akaenda kukaa karibu na Mzee Semboja, ambaye safari hii hakuchora kuku. Alikuwa anachora mwanamke aliyeinama juu ya cherehani, na machozi yalimtiririka bila kuyafuta.

"Shikamoo, mzee. Unaendeleaje leo?"

Semboja aliendelea kuchora kwanza, akamaliza mstari wa bega.

"Marahaba. Leo vibaya sana, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Asante kwa kuniuliza."