Averill Isiyonguruma

Gari halikuwapo.

Turubai lililokuwa limelifunika lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya benchi. Mnyororo wa mlango wa karakana ulikuwa umekatwa, umejikunyata sakafuni kando ya kufuli lake. Inspekta Hester Prosser wa idara ya upelelezi aliuruka, akasimama mbele ya nafasi tupu iliyobaki kati ya magari mawili ya petroli.

"Nani aligundua?"

"Mimi." Imogen Averill alikuwa mhandisi mkuu wa kiwanda na binti wa mwenye kiwanda. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekuja asubuhi kulipangusa. Mchana huu wageni wanafika kuliona."

"Lina thamani gani?"

"Ndilo pekee. Likipotea hilo, sisi tumekwisha."

Kwa vizazi vitatu, katika bonde lile la Shropshire, Uingereza, akina Averill walikuwa wakiunda magari madogo ya mbio kwa mikono, bati juu ya fremu ya mbao. Injini zake zilinguruma mpaka kondoo wa bonde la pili wakainua vichwa. Hili jipya lilikuwa la umeme. Halikunguruma kabisa. Nusu ya mafundi walisema siku za petroli zinahesabika, kiwanda kibadilike au kife. Nusu nyingine walisema bora kife kikinguruma.

Mzee Aubrey Averill, mwenye kiwanda, alikuwa upande wa pili kwa miaka mingi. Mwezi uliopita aligeuka. Alitangaza kwamba ataliendesha mwenyewe, kutoka getini hadi chini ya mlima, mbele ya wageni wote.

Sajenti Kalsi aliingia akipangusa matope viatuni. "Inspekta, kuna fundi wa injini anaitwa Denzil Yapp. Jana baani aliapa atalitumbukiza gari bwawani. Watu wote walimsikia."

"Mlete."

Yapp alikuja na kikombe chake cha chai, akaketi bila kukaribishwa.

"Mzee Yapp, jana uliapa utalitumbukiza gari bwawani?"

"Niliapa. Na wiki iliyopita niliapa kumtumbukiza padri. Padri yupo, mzima wa afya."

"Unalichukia gari hilo?"

"Friji lenye magurudumu, mama. Wewe una friji unalolipenda?"

"Una ufunguo wa karakana?"

"Ninao. Imogen anao. Na bosi." Kikombe kikasimama hewani. "Bosi mmeshamhoji?"

"Bado. Kwa nini?"

Yapp alikitua kikombe taratibu. "Msijisumbue naye. Andika. Nimeiba mimi."

Kalsi aliacha kuandika. Prosser aliinama mbele.

"Gari liko wapi?"

"Bwawani, si nilisema?"

"Uliingiaje?"

"Kwa ufunguo."

"Mnyororo umekatwa."

"Nikaukata."

"Kabla ya kufungua au baada?"

Yapp alifikiri. "Baada," alisema. "Kwa hasira."

Kalsi alikohoa kuficha kicheko.

Hata hivyo walizamia bwawa. Wapiga mbizi walitoa baiskeli mbili na beseni la kuogea lililoota kutu. Gari, hakuna.

Mtaalamu wa uchunguzi naye alizidi kumvuruga Prosser. Unga wa chuma wa mnyororo ulikuwa umemwagika ndani ya karakana. Nje, hata chembe. Aliyeukata alikuwa ndani tayari, mlango ukiwa wazi. Alama za vidole zilikuwa za watu watatu, wote wenye haki ya kuwapo.

Prosser alimkuta Mzee Averill ofisini, amevaa suti ya kupokelea wageni.

"Bwana Averill, Yapp amekiri."

"Denzil?" Mzee alitikisa kichwa. "Akimgonga sungura barabarani, hali chakula siku nzima. Hawezi."

"Sasa kwa nini amekiri?"

"Anadhani ni mimi, mpumbavu yule. Tumekaa pamoja tangu vijana. Anadhani nimeshindwa kusema hapana kwa binti yangu, nikaamua kuiba."

"Na ni wewe?"

"Kiwanda changu, gari langu. Nikilikataa, nafungua mdomo tu." Alitazama dirishani. "Natamani ningekuwa mimi, inspekta. Angalau ningejua liko wapi."

Prosser alitoka nje, akasimama katika manyunyu bila kofia. Aliyelichukia gari alikuwa amekiri, na hajui lilipo. Mwenye gari hakuwa na haja ya kuiba. Binti alikuwa amelichora, amelifunga kila nati, na ndiye aliyewaita polisi. Kila uzi aliouvuta ulikatikia mkononi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hakujua amuulize nani nini.

"Inspekta!" Kalsi alikuwa getini, amechuchumaa. "Njoo uone. Sielewi."

Kushoto mwa geti barabara ya lami iliteremka moja kwa moja hadi daraja na barabara kuu. Mwizi yeyote angepita huko. Lakini mvua ya jana ilikuwa imelainisha ardhi, na alama nyembamba za matairi zilikata kulia, zikapanda njia ya kondoo.

"Huko juu kuna nini?"

"Kondoo."

Walizifuata kwa miguu. Penye mwinuko alama zilikuwa safi. Lakini kila njia ilipoinama kidogo, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamefunga na kuburuza matope. Breki ya mkono. Katika bonde dogo dereva alikuwa ameliegemeza gari kwenye ua wa miiba kusudi, akaliacha lijikwaruze mpaka likapunguza mwendo.

Gari lilikuwa katika banda kuukuu la kondoo, limetuliza pua juu ya marobota ya majani makavu.

"Huyu hajui kuendesha," Kalsi alisema.

"Anajua sana." Prosser alivaa glavu, akafungua mlango na kuikandamiza pedeli ya breki kwa mkono. Ilizama hadi sakafuni, laini kama kidole kwenye unga. "Alijua halina breki. Ndiyo maana aliukwepa mteremko. Niambie, nani ameliendesha gari hili mpaka leo?"

Kalsi alimtazama. "Imogen tu."

Walimkuta karakanani, ameketi kwenye benchi karibu na turubai.

"Bi Averill, kwa nini hukuteremka kushoto?"

Imogen hakujifanya haelewi. "Ningefia darajani," alisema.

"Nieleze."

"Jana jioni nilitaka kulijaribu mara ya mwisho. Mteremkoni pedeli ikazama. Nililitupa gari kwenye nyasi, likasimama. Kosa ni la mchoro wangu. Gari likipunguza mwendo umeme hurudi kwenye betri, na hapo breki zenyewe zinakatika. Si kila mara, ndiyo maana sikuliona mapema; lakini jana hazikurudi tena."

"Ungemwambia baba yako."

"Miaka minane nimemwambia gari hili ni salama! Mwezi uliopita tu ndio ameniamini. Nikimwambia breki hazishiki, basi, tunarudi kwenye petroli mpaka tufunge milango. Nisipomwambia, anaketi ndani mbele ya watu na kuteremka mlima." Alilivuta turubai kifuani. "Nikasema liibwe. Wageni waondoke, nipate wiki nirekebishe, lipatikane. Sikujua Denzil atakiri. Nani angejua Denzil atakiri?"

Mlango ulikuwa wazi. Mzee Averill alikuwa amesimama pale, na Yapp nyuma yake.

"Ungeniambia," alisema Mzee.

"Ungenikataza, baba."

"Ndiyo," alisema Mzee. "Ningekukataza."

Prosser alimsomea Imogen haki zake. Kuwadanganya polisi ni kosa, hata kama sababu ni baba. Kalsi alimfungulia mlango wa nyuma wa gari la polisi. Nje wageni walikuwa wameanza kufika, wakinong'onezana chini ya miavuli.

Mzee Averill alikwenda upande wa pili na kufungua mlango mwingine.

"Bwana, wewe huna shtaka," Prosser alisema.

"Najua. Denzil atazungumza na wageni, awaambie ukweli." Alijipenyeza ndani na suti yake, akavuta mlango. "Safari ya mjini ni ndefu, na zile breki anazijua yeye tu. Sogea, Imogen. Anzia pale pedeli ilipozama. Usiruke kitu."