Doa Kwenye Kioo cha Mama Bharti

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, wala halikustahili uso ule alioingia nao Mama Bharti. Kwenye kona ya kioo cha deki yake ya mkononi, zile zinazofunguka kama kitabu na kucheza mpaka memori kadi, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mchele.

"Shikamoo, mama," alisema fundi Marcelino, akimsogezea stuli.

"Marahaba." Hakukaa. "Fundi, toa hicho kioo, kivunje. Usikiwashe. Mume wangu alikuwa anaangalia harusi ya binti yetu humo kila siku. Doa likatembea, likatembea, mpaka likamfikia kwenye picha. Wiki haikuisha, akafa."

"Pole sana, mama."

"Mganga kasema kivunjwe na mkono usio wa nyumbani kwetu. Kikiwashwa, kilichomo kitatafuta mtu wa kupitia ili kitoke."

Marcelino aliitikia kwa adabu, huku moyoni akicheka. Kuvunja kioo kizima, Kariakoo hii! Mama wa watu alikuwa hajapotea hata kwenye msongamano wa Mtaa wa Aggrey, fundi ameshamkumbuka mteja wa kumuuzia. Doa la konani nani atalijali? Ila spea haiuzwi bila kujaribiwa, basi akachomeka memori kadi yake mwenyewe, ile anayojaribia kila kitu, yenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya binti yake, Nice.

Kioo kikawaka. Nice yuko ukumbini na gauni lake jeupe, anakata keki, mama yake, Agnesi, amesimama pembeni anacheka. Picha safi. Doa lilikuwa kule mlangoni, nyuma ya wageni. Marcelino akapitisha kitambaa. Alipokiinua, doa lilikuwa limeingia ndani ya ukumbi.

Akacheka kidogo, peke yake, na kicheko hakikumfurahisha.

Ndipo akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Akaitazama pasi ya kulehemu, ilikuwa baridi. Nje ilikuwa saa nane mchana, wapiga debe wananadi mashati, lakini kelele zao zilianza kumfikia kwa mbali, na muziki wa sherehe nao ukafifia, ikabaki pumzi ya mtu anayehema taratibu ndani ya spika, na kwenye kioo wageni, wale wale shangazi na wajomba anaowajua kwa majina, wakaanza kukunja miguu na kuvuta viti vyao, mmoja baada ya mwingine, kukipisha kitu kipite.

Akabonyeza kuzima. Picha haikuzimika. Akang'oa betri, akaishika mkononi, na picha bado inaenda, na Agnesi wa kwenye picha, ambaye siku ile alicheka mwanzo mpaka mwisho, hacheki tena, anamtazama yeye Marcelino, anatikisa kichwa, na doa sasa lina mabega, limefika kwenye meza ya keki, linainama juu ya mtoto.

"Niachie mwanangu!" Marcelino alipiga kelele, akanyakua nyundo.

Kabla nyundo haijashuka, doa lilitoweka. Kwa nukta moja kioo kilikuwa safi kabisa, Nice akitabasamu peke yake. Kisha kikapasuka vipande vipande.

Simu ikaita. Alikuwa Agnesi.

"Baba Nice, njoo nyumbani," alinong'ona. "Mtoto alikuwa anacheza vizuri tu, ghafla kaanza kulia. Anasema kuna kitu cheusi jichoni, kama punje. Nimemwosha na maji, hakitoki."

"Mpe simu! Mpe, Agnesi!"

Akasikia mtoto akihema.

"Baba, kilikuwa pale mlangoni," alisema Nice. "Sasa kiko kwenye kochi. Kinamwendea mama."

Marcelino alikaa chini juu ya vioo. "Mwanangu, fumba macho! Usimwangalie mama! Fumba!"

"Nimefumba, baba," alisema Nice. "Bado kinaenda."