Walimsifia kwa Viazi Asivyopika

Jamani, hii mtasema nimetunga. Mimi mwenyewe aliyenisimulia nilimwambia aape kwanza. Kama unasoma huku unakula, sogeza sahani pembeni, maana kichefuchefu kipo na mimi sitaki lawama.

Odessa alikuwa amepiga magoti jikoni kwa mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Lorna, anachungulia ndoo ya taka. Alikwenda kutupa kipande cha foili tu. Akakuta viazi vitamu vyake.

Sio maganda. Viazi vyenyewe, alivyoviponda kwa mkono wake asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, ile ya Wamarekani ya kula bata mzinga, wakati mtaa mzima umelala. Siagi, mdalasini, na njugu za pekani zilizokaangwa na sukari juu, kama wanavyopika kwao kusini, Georgia. Vyote vimemwagwa mle, bado vya moto, na juu yake kimetupwa kile kimfuko cha shingo na maini kinachokuja ndani ya bata mzinga wa dukani. Kimfuko kinavuja. Damu inashuka taratibu, inaingia kwenye njugu.



"Vilianguka, mwanangu," sauti ikasema nyuma yake.

Mama Lorna amesimama mlangoni na aproni yake yenye picha za maboga, anatabasamu kama mtu anayekuuzia bima.

"Vyote?"

"Vyote. Nisamehe sana."

"Na bakuli halikupasuka?"

Bakuli lilikuwa pale pale juu ya meza ya jikoni, bakuli la kioo la mama yake Odessa, lenye ua la bluu ubavuni. Limefunikwa kitambaa. Linafuka moshi.

"Mle ndani kuna nini, mama?"

"Viazi vitamu."

"Vya nani?"

"Odessa, leo ni siku ya kushukuru. Tusianze."

Odessa akafunua kitambaa. Akakuta viazi vingine kabisa, rangi ya chungwa, na juu vimejazwa vile vidonge vyeupe laini vya sukari, vimeungua kidogo kwenye kingo na kuvutika kama ubani. Mama Lorna akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Kwamba nyumba hii vinapikwa hivyo tangu bibi yake Grady, mchumba wa Odessa, yuko hai. Kwamba mumewe, Mzee Duane, akikosa ladha ile anasema sikukuu haijafika. Kwamba yeye hakutaka kumuumiza mtu, ndiyo maana alivihamishia kwenye bakuli la Odessa, ili aonekane kapika yeye.

"Watu watakusifia wewe," akamalizia. "Wewe nyamaza tu, upokee sifa zako."

Yaani, msomaji wangu, mtu anamwaga chakula chako, anakitupia matumbo juu, halafu anakudai shukrani.

Sasa elewa kwa nini Odessa hakupiga kelele. Ni dereva wa basi la shule, mwanamke wa kutisha watoto sitini kwa kuangalia kioo tu, kelele anaziweza. Lakini alikuwa na Grady, muuza matrekta, mtoto wa kwanza wa akina Brubaker wa Iowa, na kwa akina Brubaker hauwi mtu wa nyumba mpaka upewe chakula cha kupika kwenye meza ya Shukrani. Mwaka wa kwanza waliokuwa pamoja, Mama Lorna alimwambia alete barafu. Mwaka uliofuata, sahani za karatasi. Mwaka huu ndio simu ikaja: "Odessa, wewe utaleta viazi vitamu." Alilia ndani ya basi tupu. Na Grady alishamwahidi kwamba siku hiyo hiyo, wakifika kwenye kushukuru, kila mtu akisema anamshukuru Mungu kwa lipi, yeye atasimama atangaze harusi yao.

Mezani pale pakimkataa, harusi ingekuwa ya karatasi tu. Yeye alitaka nyumba, alitaka watu.

Akamvuta Grady gereji, kwenye baridi, katikati ya majokofu na mashine ya kufagia theluji. Akamweleza. Grady akasugua shingo.

"Ni viazi tu, mpenzi."

"Vyangu viko kwenye taka, Grady. Vina damu."

"Mama ndivyo alivyo. Unamjua."

"Hivi vilivyoko kwenye bakuli kavipika nani?"

"Si yeye mwenyewe. Nani tena?" Akambusu kwenye paji la uso. "Vumilia saa moja tu. Nikishatangaza, wewe ni mke. Mwakani utapika hata bata mwenyewe."

Odessa akavumilia. Mapenzi bwana.

Wakaketi. Mzee Duane kichwani mwa meza, kisu mkononi, anamkata bata. Mama Lorna upande wa pili. Grady na Odessa upande mmoja, na Trudy, dada yake Grady, akakaa mkono wa kushoto wa kaka yake. Sebuleni televisheni imeachwa inapiga mechi peke yake. Vyakula vikaanza kuzunguka kuelekea kulia kama ilivyo desturi yao: mkate wa kujazia bata, maharage ya oveni, ile sosi nyekundu ya matunda iliyotoka kwenye kopo na mikunjo ya kopo bado imo. Bakuli lenye ua la bluu likapita, kila mmoja akachota kama anachota dawa.

Halafu sifa zikaanza. Mama Lorna akasema mwaka huu Odessa kawaua. Grady akasema si aliwaambia, mpenzi wake ana mkono. Hata Trudy akasema ni vitamu, ila alisema huku anaangalia chumvi.

Odessa akatia kijiko mdomoni. Kile kidonge cheupe kikamnata kwenye meno, sukari tupu, na akilini anaiona ile damu inavyoshuka kwenye njugu. Akameza kwa nguvu. Akasema asanteni. Neno hilo lenyewe lilimkera kuliko viazi.

Ndipo Mzee Duane, ambaye hajui kutunza siri hata ya zawadi ya Krismasi, akafumba macho akitafuna na kusema:

"Paulette kaongeza mdalasini safari hii."

Uma zikasimama.

"Baba, kula," Mama Lorna akasema.

"Nakula. Nasema tu. Kaongeza."

Paulette ni mke wa zamani wa Grady. Waliachana kabla Odessa hajahamia Iowa, na Odessa aliambiwa kwamba hata kusalimiana hawasalimiani.

Akageuka taratibu.

"Paulette ndiye kapika hivi?"

Akazungusha macho mezani, na hapo ndipo ilipomwingia. Hawakushtuka. Hakuna aliyeuliza "Paulette gani" wala "unasema nini, mzee." Walikuwa wanajua wote. Walikuwa wanajua wakati wanachota, wanajua wakati wanamsifia, wanamwangalia usoni akisema asanteni kwa mapishi ya mke mwenzake. Ngozi ikamsisimka kama aliyekuta nywele kwenye koo.

"Anapika yeye kila mwaka," Mama Lorna akasema, sasa kwa ukali kidogo. "Bibi alimfundisha yeye. Ungetaka ladha ya bibi ipotee kwa sababu ya karatasi za talaka?"

"Nani alivileta?"

Grady akakohoa. "Nilivipitia jana. Mara moja tu, mlangoni."

"Jana uliniambia uko kwa rafiki yako mnafunga matairi ya theluji."

"Na matairi pia tulifunga."

Simu yake, iliyokuwa imelala kifudifudi kando ya sahani, ikatetemeka. Akaifunika kwa mkono. Ikatetemeka tena. Trudy akaweka uma chini, uso umempauka.

"Mwonyeshe, Grady."

"Trudy, haikuhusu."

"Mimi nataka kutapika. Miaka yote hii namwangalia huyu dada anakuja na mabarafu yake anatabasamu. Mwonyeshe, au nisimulie mimi."

Grady hakusogea. Trudy akaivuta ile simu chini ya kiganja cha kaka yake, akaitelezesha juu ya kitambaa cha meza, ikapita kando ya mchuzi, ikasimama mbele ya Odessa. Ujumbe wa Paulette uko wazi juu ya kioo:

*"Amegundua? 😂 Umeacha soksi zako chini ya kitanda tena. Jumamosi uje mapema basi, sio umwambie uko kazini halafu unafika umechoka."*

Odessa akausoma kwa sauti. Wote wakasikia, pamoja na "tena."

Unajua Mama Lorna alifanya nini? Hapa ndipo nilipomwomba aliyenisimulia asimame kidogo, ninywe maji. Mama Lorna alichukua bakuli la mkate wa kujazia, akampelekea.

"Ongeza kidogo, mwanangu. Chakula kinapoa."

"Mama, umesikia nilichosoma?"

"Nimesikia. Kila nyumba ina mambo yake. Wewe ndiye utakayeolewa, wewe ndiye utakayekaa kwenye picha. Paulette ni mazoea tu. Utazoea na wewe."

Aliyasema hayo kwa upole, anamaanisha kila neno, kipande cha ngozi ya bata kinang'aa mafuta kwenye kidevu chake. Mzee Duane aliendelea kutafuna. Odessa alikuwa anasikia mate ya mzee huyo.

Akasimama.

"Hatujashukuru bado," akasema. "Naanza mimi. Namshukuru Trudy. Basi."

Akachukua bakuli la mama yake kwa mikono miwili, akaligeuza juu ya sahani ya Grady. Viazi vikashuka polepole na vidonge vyake, vikavutika nyuzi nyuzi, vikafunika bata, vikafunika uma, vikamwagikia mapajani. Akachukua koti lake na bakuli, akatoka.

Grady akamkimbilia kwenye theluji bila koti, suruali imepakaa rangi ya chungwa. Akashika dirisha la gari. Alisema mengi: kwamba kwa Paulette alipelekwa na upweke tu, kwamba atamkata kuanzia leo, kwamba Jumatatu waende mahakamani waoane kimya kimya kama Odessa anataka.

Odessa akashusha kioo.

"Nikuulize kimoja. Kama nisingekwenda kutupa ile foili, na baba yako asingesema kitu, ungesimama ukatangaza harusi?"

Grady akamwangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Ndiyo. Kwa nini nisingetangaza?"

Alikuwa anasema kweli, na ndicho kilichomtia kinyaa kupita vyote. Angesimama, angeinua glasi, angetoa machozi, na soksi zake ziko chini ya kitanda cha mwingine, na sahani yake imejaa mapishi ya huyo huyo. Asingeona kasoro yoyote.

Odessa akavua pete, akamwekea kiganjani, akapandisha kioo.

Alipofika kwenye kituo cha mafuta nje ya mji akapiga simu kwao. Huko Georgia kelele zilikuwa kama soko: wajomba wanabishana juu ya mechi, mtoto analia, mtu anauliza nani kamaliza makaroni. Mama yake akaweka simu iwe ya kusikika na wote.

"Umekula, binti yangu?"

Odessa akavuta kamasi. Huko upande wa pili kelele zikapungua, moja moja, mpaka zikaisha.

"Hujala," mama yake akasema. "Sitaki kujua sasa hivi, utanieleza ukifika. Jaza mafuta, uanze safari. Hapa hakuna atakayegusa pai mpaka uingie."

"Mama, ni mbali. Nitafika kesho."

"Basi tutakula kesho."

Nyuma mjomba mmoja akalalamika kwamba yeye ana kisukari, hawezi kusubiri. Akazomewa. Odessa akacheka na kulia kwa pamoja, pale pale kwenye pampu, na yule wa pampu ya jirani akajifanya haoni.

Kabla hajawasha gari, ujumbe ukaingia. Mama Lorna.

*"Odessa, hasira ni hasara. Nimekufungia sahani yako kwenye foili, iko kwenye friji. Grady analia hajala. Rudi tuyamalize kifamilia. Krismasi Paulette atapika nyama, wewe tutakuachia saladi."*

Akausoma mara mbili, akaufuta, akafuta na namba. Akaelekea kusini.

Sikukuu ilipoisha alirudi Iowa kazini kwake, na mpaka leo Grady anamtumia maua pale kwenye yadi ya mabasi. Na madereva wenzake wamegawanyika. Kuna wanaosema kakosea, mwanaume anaomba msamaha analia, familia nzima inamtaka, na saladi ni mwanzo, siku moja angefika kwenye bata. Wengine wanasema wangemwaga na mchuzi wa moto juu yake.

Haya, na wewe uliyesoma mpaka hapa: umevishwa pete, umekaa mezani, mdomoni una kijiko cha mapishi ya mwenzio, na kila anayekusifia anajua. Ungeondoka kama Odessa, au ungemeza ukasubiri kutangazwa? Niambie ukweli, ungefanyaje?